Kidato cha Kumi na Tatu

Kama wiki iliyopita ulisafiri ukakosa kunisoma, hongera sana. Sisi hatujasafiri.

Nitakupasha kwa kifupi. Mimi ni Crisanto Dimayuga wa hapa mjini Lipa. Jina la nyumbani ni Santi, ila mtaani siku hizi naitwa Kanada. Mke wangu Perlita ni muuguzi, na hao Kanada walimkubali yeye, mimi na binti yetu Jewel tukahamie kwao moja kwa moja. Januari volkano ikatumwagia majivu mpaka ndani ya sufuria. Tukasema hiyo ni ishara, tuondoke. Februari tukauza nyumba, nikauza na mashine yangu ya kuchapa mabango. Tarehe kumi na nne Machi tukafanya karamu ya kuaga, nguruwe mzima akachomwa. Tarehe kumi na saba nchi ikafungwa kwa sababu ya corona.

Ndege yetu ilikuwa ya tarehe kumi na nane.

Sasa ni Oktoba, na tunalala sebuleni kwa mama mkwe.

Bango la mwisho kutoka kwenye mashine yangu lilikuwa letu wenyewe: mita nne kwa mbili, nyuso zetu tatu zimetabasamu, na maneno KWAHERI LIPA, TUTAWAKUMBUKA. Walilitundika kwenye uwanja wa mpira wa kikapu na hakuna aliyelishusha mpaka leo. Kila asubuhi nikienda kununua mkate napita chini ya uso wangu mwenyewe unaoniaga.

Kwetu anayehamia ng'ambo hagawi vitu nusu nusu. Tuligawa vyungu, vitanda, feni, mpaka kamba ya kuanikia nguo. Jokofu nilimpa jirani, Aling Bebang. Nikiwa na kiu ya maji baridi nabisha hodi kwake nikanywe kutoka kwenye jokofu langu, na huwa anachelewa kufungua.

Ana haki. Siku ya karamu nilishika kipaza sauti cha karaoke nikatoa hotuba. Kwa kuwa nilikuwa naondoka milele, nilisema kweli tupu. Nikamwambia Aling Bebang mbele ya mtaa mzima kwamba tambi zake za pansit nimekuwa nikizila miaka kumi na moja kwa adabu tu. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mimi nilitukana wodi nzima.

Siku ile ile watu thelathini na mmoja walinikabidhi nyayo zao. Mtu anakanyaga karatasi, anachora mguu kwa kalamu, anaandika jina, ili ukifika huko umnunulie viatu vya saizi yake. Karatasi hizo zimejaa kwenye sanduku letu hadi leo. Mwezi uliopita Aling Bebang alikuja kubadilisha yake, eti mguu umenenepa kwa kukaa ndani.

Mtu mmoja tu alikataa kuchora mguu: mama mkwe wangu, Nanay Ising, nanay kwetu ni mama.

"Viatu vya nini?" alisema. "Vya kanisani ninavyo. Mimi siendi kwingine."

Nikajua ni ukaidi wake wa kawaida.

Sasa tuingie kwenye balaa la wiki hii.

Jumatatu simu ililia. Shemeji yangu Rodel, baharia, meli yao imesimamishwa kazi. Anarudi kwa mama yake Jumatatu ijayo, na mkewe na watoto wanne.

Nanay Ising aliweka simu mezani, akatutazama sote watatu, kisha akaitazama mikeka yetu.

"Mimi simfukuzi mtu," akasema. "Ila sebule ni moja."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulikuwa kwenye siku ya mia mbili na kumi, na jembe nilishalishika zamani. Nilikuwa nimempakia rangi nyumba yote, mara mbili.

Usiku huo hatukulala. Mjadala ukaanza kwa kunong'ona, maana Jewel alikuwa kati yetu.

"Tupange," akasema Perlita.

"Tununue," nikasema.

"Santi, usianze."

"Kodi ni kumlisha mwenye nyumba. Tutapanga mpaka lini? Tulisema wiki mbili. Tukasema mpaka Pasaka. Tukasema mpaka shule zifunguliwe. Tazama!"

"Pesa za kununulia unazitoa wapi?"

Pesa zilikuwa mahali pamoja tu: benki, zile za nyumba tuliyouza. Na hizo ndizo Kanada wanataka kuziona kwenye karatasi ya benki, waamini kwamba hatuendi kuombaomba kwao. Zikiguswa, jina letu linafutwa.

"Umenisikia?" akasema. "Tukinunua, hatuendi. Ni hivyo tu, wala haina mjadala."

"Na tukienda ni lini? Barua ya kwanza ya kibali muda wake umekwisha. Ya pili hatuioni. Ubalozi hata simu hawapokei."

"Wewe unaogopa baridi."

"Siogopi baridi. Naogopa kuwa kichekesho cha mtaa."

"Hilo umeshachelewa, mume wangu."

Akageukia ukutani. Alikuwa anaamka saa kumi alfajiri kwenda kituo cha karantini, zamu ya saa kumi na mbili, na mimi ndiye niliyekuwa na muda. Kabla usingizi haujamchukua alinyoosha kidole gizani.

"Kesho nenda na Mama mkatafute ya kupanga. Nimesema mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Ya tatu hii. Ya kupanga."

Nanay Ising alijitayarisha kama anayekwenda vitani. Barakoa, ngao ya plastiki usoni, mwavuli, na miwani iliyojaa ukungu kila alipopumua. Hakuona kitu, lakini kasoro zote aliziona.

Nyumba ya kwanza ilikuwa nzuri, karibu na soko.

"Mlango wa mbele unatazamana na wa nyuma," akasema. "Bahati ikiingia inapitiliza."

"Nanay, tutaufunga wa nyuma."

"Nyumba ya watu huwezi kuifungia mlango. Twende."

Ya pili ilikuwa mwisho wa barabara, na barabara inaielekea moja kwa moja.

"Mabaya yote yanayopita njiani yataishia kitandani kwenu."

"Nitapanda ua wa maua mbele, uyazuie."

"Kwenye kiwanja cha watu? Twende."

Ya tatu ilikuwa ghorofani, na hapo ndipo alipoanza kuhesabu ngazi. Huku kwetu hakuna anayelala kwenye nyumba kabla ya kuhesabu ngazi zake. Kidato cha kwanza dhahabu, cha pili fedha, cha tatu kifo, halafu unaanza upya, mpaka ufike juu. Ukimalizia kwenye dhahabu utatajirika. Ukimalizia fedha utakula. Ukimalizia kifo, usiingize hata ufagio.

"Dhahabu, fedha, kifo. Dhahabu, fedha, kifo. Dhahabu, fedha..." Mguu wake ukasimama hewani. Kidato kilichobaki kilikuwa kimoja. "Kifo."

"Naongeza kimoja cha saruji pale chini," nikasema. "Saa mbili tu kazi imekwisha."

"Nyumba ya kupanga haiongezwi ngazi."

Mwenye nyumba, mama mmoja mwenye vibanio kichwani, alikuwa akitusikiliza. "Mimi naruhusu, hata leo," akasema.

"Ahsante, mwanangu," akajibu Nanay Ising, akafungua mwavuli. "Haiongezwi."

Jumatatu ya Rodel ilikuwa inakaribia na mimi nilikuwa sina nyumba wala nguvu ya kubishana na kikongwe. Ndipo, tukirudi, akasema kwa sauti ya mtu aliyekumbuka tu:

"Kuna ya Mang Ambo pale nyuma ya kanisa. Anaiuza."

"Nanay, tunatafuta ya kupanga."

"Nimesema tuitazame. Kutazama ni bure."

Mang Ambo alikuwa mzee mjane, mchekeshaji, anahamia kwa mwanawe Batangas mjini. Nyumba yake ilikuwa ya mbao juu na mawe chini, na mibuni ya kahawa imejaa uani. Bei aliyoitaja ilikuwa ndogo mno, nikamwomba arudie. Akarudia. Nikaanza kutafuta kasoro, maana mbuzi wa kwenye gunia namjua.

Kasoro ilikuwa mbele ya macho yangu. Nanay Ising alishaanza kupanda.

"...dhahabu, fedha, kifo. Dhahabu, fedha..." Kidato cha kumi na mbili. Akasimama juu kabisa, akanitazama. "Kifo."

"Miaka minne naiuza," akasema Mang Ambo kwa huzuni ya kuigiza. "Kila mteja anapanda akihesabu, anashuka bila kuaga."

Nikashika kofia, tayari kuondoka. Kwa kidato cha tisa tulikimbia. Hapa itakuwaje?

"Santi," akaita kutoka juu.

"Naam, Nanay."

"Ongeza kimoja pale chini."

Nilidhani sikusikia vizuri kwa sababu ya ngao.

"Lakini si ulisema haiongezwi?"

"Ya kupanga haiongezwi. Hii utakuwa umeinunua. Ya mtu mwenyewe ataongeza hata kumi."

Tulirudi kwa njia ya uwanjani. Mbele ya bango letu nilimwuliza, "Nanay, unataka tusiende?"

Alinyanyua uso akaitazama picha ya Perlita iliyopauka kwa jua, akafuta ngao yake kwa upindo wa gauni.

"Unatembea polepole, mkwe wangu," akasema. "Mvua inakuja."

Sasa hapa ndipo naungama.

Ningeweza kukuambia kwamba mama mkwe alinisukuma. Ni kweli alinisukuma, lakini nilikuwa nimesimama ukingoni mwenyewe nikingoja mtu wa kunigusa. Nilichoka kuitwa Kanada. Nilichoka kulala sakafuni na miaka arobaini na miwili. Niliitaka ile mibuni. Nilitaka kufungua jokofu bila kubisha hodi. Na moyoni nilikuwa nimeshakata shauri kwamba ile barua haiji.

Alhamisi nilimpa Mang Ambo arubuni kutoka kwenye fedha za mashine yangu. Ijumaa niliandika hundi ya fedha zilizobaki, zile za Kanada, nikaikunja mara mbili, nikaitia mfuko wa shati. Kutia saini kulipangwa Jumamosi, saa tisa alasiri.

Ijumaa hiyo jioni Perlita alirudi, mistari ya barakoa imemkaa mashavuni.

"Nyumba imepatikana?"

"Imepatikana."

"Ya kupanga?"

"Ina hewa nzuri sana."

"Santi."

"Na kanisa liko karibu."

Alikuwa amechoka mno hata hakunibana. Alinishika mkono, akasema, "Ahsante, baba Jewel. Nilijua utaweza." Kisha akalala. Mimi niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, hata siku ile ya pansit.

Na bado Jumamosi niliamka nikaenda kununua saruji.

Nilipita kwa Aling Bebang na mfuko begani. Alikuwa mlangoni anapepea mkaa.

"Kanada! Saruji ya nini hiyo?"

"Ya kurekebisha kidogo."

"Kurekebisha wapi?"

"Kwa Mang Ambo."

"Aa," akasema, akaendelea kupepea. Nilipaswa kulihofia lile "aa".

Saa nane nilikuwa nimeshapiga ubao, nimechanganya saruji, nimemwaga. Kidato cha kumi na tatu, cha chini kabisa, laini na kibichi. Mang Ambo alitoa kiti akakaa kivulini na hati za nyumba magotini, akinipa maelekezo ambayo sikuyaomba.

"Usipotia saini leo, Santi, nakushukuru vilevile. Umeniondolea kifo bure."

Nanay Ising alifika na mfuko wa mchele na chupa ya chumvi. Vitu viwili hivyo ndivyo vinavyotangulia kuingia kwenye nyumba mpya, kabla ya mtu na kabla ya kitanda. Akaruka saruji yangu kwa wepesi usio wa umri wake, akapanda.

"Ising!" akaita Mang Ambo. "Hata saini bado!"

"Mchele hauozi," akajibu, akaingia ndani.

Hapo ndipo bajaji ikasimama langoni na mke wangu akateremka.

Alikuwa bado na sare nyeupe ya kazini. Ngao ameipandisha kichwani. Simu mkononi. Akanitazama mimi, akautazama mwiko wangu, akakitazama kidato.

"Aling Bebang kanipigia simu kazini," akasema. "Kasema mume wangu anajenga kwa Mang Ambo. Nikamwambia haiwezekani, tumepanga." Akasogea hatua moja. "Hebu nifahamishe, Santi. Mpangaji gani anajenga ngazi?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na majibu matatu, yote ya uongo, na nikawa nachagua lililo dogo.

"Mpangaji?" Mang Ambo akadakia kwa furaha. "Huyu ananunua, mwanangu! Saa tisa tunatia saini."

Perlita hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alinyanyua simu, akanigeuzia kioo.

"Barua imekuja leo asubuhi. Majina matatu. Tuwe tumeingia kabla ya mwisho wa Novemba, na karatasi ya benki waione wiki hii." Akaishusha simu. "Nilikuwa nakuja kukufurahisha. Njia nzima nilikuwa naimba kwenye barakoa."

Nilifurahi. Nasema kweli, furaha ilinipanda mpaka kooni, nami nilidhani siitaki tena safari hiyo. Halafu nikaihisi hundi mfukoni, imelowa jasho, na furaha ikashuka.

"Perlita, nisamehe. Sijaitoa. Iko hapa."

"Mimi ndiye niliyemwambia," ikasema sauti kutoka juu.

Nanay Ising alikuwa amesimama juu ya ngazi. Alikuwa amesikia yote. Akaanza kushuka, mkono kwenye reli, safari hii bila kuhesabu.

"Mama, kwa nini?" Perlita akauliza. "Ulinipa baraka zako Machi. Ulilia, ukanipa rozari."

"Nilikupa. Sijakunyang'anya."

"Sasa nyumba hii ya nini?"

Kikongwe yule alifika kidato cha mwisho kikavu, akasimama. Alikuwa amevua ngao na miwani, na alionekana mdogo kuliko nilivyomzoea.

"Rodel anarudi kwa sababu ana kiwanja chake hapa. Kila mwenye nyumba hurudi, hata baada ya miaka ishirini, aje atazame bati lake," akasema. "Nyie mliuza. Mligawa mpaka kamba ya nguo. Mtu asiye na kitu mahali, anarudi kufanya nini?"

"Nitarudi kukuona wewe!"

"Mimi nina miaka sabini na tisa, mwanangu. Mimi si bati."

Hakuna aliyecheka, hata Mang Ambo.

Kisha Nanay Ising akavua kandambili ya mguu wa kulia, akaishika reli, na kabla sijasema lolote akaushusha mguu wake mtupu ndani ya saruji yangu mbichi. Akaukandamiza vizuri, kisigino kwanza, halafu vidole, kimoja kimoja.

"Haya," akasema. "Wenzangu waliwapa karatasi. Karatasi zitapotea sandukuni. Saizi yangu hii hapa. Mkitaka kuninunulia viatu, mje mpime."

Perlita alijiziba mdomo kwa mikono miwili, barakoa na yote.

Kengele ya kanisa ikagonga. Mang Ambo alikohoa, akazikunja hati, akazikunjua tena.

"Samahanini," akasema kwa upole. "Saa tisa hiyo. Na ile saruji inakauka."

Perlita alifuta macho kwa mgongo wa kiganja. Akanijia mpaka karibu kabisa, akanyoosha mkono.

"Nipe."

Nikatoa hundi mfukoni, nikaikunjua, nikamwekea kiganjani. Hakuitazama. Akanirudishia.

"Si hiyo," akasema. "Nipe mwiko."

Nikampa. Akapiga magoti chini na sare yake nyeupe, pale mbele ya kidato cha kumi na tatu, akauinua mwiko, akaanza kusawazisha saruji kandokando ya ule mguu, bila kuugusa. Nanay Ising alikuwa bado hajautoa mguu.